Inveta ilizidiwa na joto, ikabidi niingie chumbani kwa mama mkwe

Wakuu, nawasalimu kutoka Likasi, Haut-Katanga.

Kiswahili changu ni cha huku kwetu, kimelala na Kifaransa kitanda kimoja, mtanivumilia. Ninachosimulia kilinitokea mwenyewe. Mke wangu yuko hapa pembeni anasoma kila mstari, kwa hiyo hata nikitaka kuongeza chumvi siwezi.

Mimi ni fundi wa elektroniki, nina kibanda kule mtaa wa Panda. Natengeneza inveta, chaja za betri, mashine za kuchomelea. Yaani vile vyote vinavyobeba umeme mwingi na kupata moto.

Kabla ya kuendelea niwaeleze neno moja: buko.

Kwetu buko ni mkwe. Na mama mkwe ndiye buko mkubwa kuliko wote. Humpi mkono, humtazami usoni, huli naye sahani moja. Ukikutana naye njiani unapisha. Chumba chake cha kulala ndiyo usiseme, hata mlango wake huusogelei.

Najua kuna watakaosema hayo ni mambo ya zamani. Sawa. Mimi nilimwoa Béatrice kwa taratibu hizo na nilizishika vizuri.

Mama yake, Mama Véronique, ni mjane anayeishi Kakontwe, upande wa machimbo ya mawe ya chokaa. Alilea watoto wake wote kwa kukaanga beignets, maandazi ya huku, juu ya makala, yaani makaa, na moshi ule ukamkaa kifuani. Uzeeni daktari alisema mapafu yamechoka, akaagiza mashine ya oksijeni ya nyumbani. Ile inayovuta hewa ya chumbani, inaichuja, inamletea mgonjwa oksijeni kwa mrija wa puani.

Mashine ile inataka umeme, na umeme wetu huku unakuja ukipenda. Kwa hiyo wanawe walichanga wakaweka sola, betri na inveta.

Inveta niliichagua mimi. Kuifunga alienda fundi mwingine, rafiki yangu, kwa sababu ilikuwa inakaa chumbani kwa mama. Niliona hiyo ndiyo heshima.

Basi ikafika Oktoba. Waliowahi kuishi huku wanaijua Oktoba kabla mvua haijaanguka. Bati linalia kwa joto, mbwa hanyanyuki kivulini.

Mchana mmoja Béatrice, aliyekuwa kwa mama yake, akanipigia. Huku mume na mkwe huitwa Papa, na umeme ni courant.

"Papa, kuya mbio. Courant imeenda, na inveta inakatika kila saa. Mama iko anapumua mubaya."

Nilifunga kibanda, nikachukua mfuko wa vyombo, nikapanda pikipiki.

Nilipofika jirani alikuwa ameshaenda kutafuta gari la kumpeleka mama hospitali. Mimi nikabaki sebuleni. Kati yangu na chumba cha mama kulikuwa na pazia tu. Nikaanza kutengeneza inveta kwa mdomo, kama daktari anayetibu kwa simu.

"Béa, iko wapi?"

"Mu armoire."

"Mu armoire? Fungula milango yote. Iko na moto?"

"Moto kabisa! Siwezi kuishika. Mama aliifunika na kitenge."

Wakuu, nilishika kichwa. Mama alikuwa anaogopa wezi wasije wakaona taa za inveta dirishani, na mngurumo wake ulikuwa unamnyima usingizi. Kwa hiyo aliifungia kabatini, akaikunjia kitenge juu, vizuri kabisa, kama mtu anayemfunika mtoto.

Béatrice akatoa kitenge, akapepea kwa sahani. Inveta ikawaka. Nikasikia mashine ya oksijeni inaanza kuvuta, nikamshukuru Mungu. Haikukaa. Bip, bip, bip, kimya.

Hapo niweke darasa dogo, maana najua humu kuna wenye sola.

Ndani ya inveta kuna vijidude vinaitwa transista, ndivyo vinavyokata umeme wa betri na kuugeuza uwe wa kutumia nyumbani. Kila vinapofanya kazi vinapata joto. Vimebanwa kwenye bamba la alumini lenye mapezi kama ya samaki, joto lihamie huko, na feni ipulize mapezi. Kati ya transista na alumini kunapakwa pasta maalumu kujaza vijinafasi visivyoonekana kwa jicho. Joto likikosa pa kwenda, kuna kisensa cha kupima joto kinachozima kila kitu ili isiungue. Kwa hiyo inveta ya mama haikuwa imekufa. Ilikuwa inajiokoa. Tatizo ni kwamba ikijiokoa yenyewe, mama anakosa hewa.

Na sikuisikia feni. Nilitega sikio pale pazia, nikasikia pumzi ya mama tu. Fupi fupi, kama mtu aliyepanda kilima na mzigo.

"Béa, chukua tournevis," nikapitisha bisibisi chini ya pazia, "nitakuelekeza."

"Sijafungulaka hata redio. Siwezi."

Gari halijafika. Nikasimama, nikakaa, nikasimama tena. Naomba msinicheke.

Ndipo nikasikia sauti ya mama mwenyewe, kwa shida, neno moja moja.

"Ingia, papa."

Nikajibu nikiwa nimeinama, utafikiri ananiona. "Mama, minye ni buko yenu."

"Ingia. Pumuzi haiyue buko."

Yaani pumzi haijui nani mkwe.

Niliingia na macho chini. Niliona miguu yake kando ya kitanda, imevimba kidogo, na kandambili za bluu. Nikamwambia Béatrice amkalishe karibu na dirisha na ampepee, mimi nikapiga magoti mbele ya kabati.

Nilichomoa betri, nikasubiri kidogo umeme uliobaki kwenye kapasita, vile vikopo vinavyohifadhi umeme, ushuke. Tafadhali msisahau hilo, linaua. Nikafungua kifuniko.

Vumbi jeupe la chokaa limejaa mapezi mpaka nafasi hazionekani. Nyuzi za kitenge zimejisokota kwenye mhimili wa feni, haigeuki hata kwa kidole. Ile pasta imekuwa kavu kama chaki.

Kuisafisha yote kusingewezekana pale pale. Kwenye mfuko wa vyombo nilikuwa na feni ya kompyuta ya zamani. Nikakwangua vumbi la juu kwa brashi, nikaifunga ile feni kwa waya juu ya mapezi, umeme wake nikautoa moja kwa moja kwenye betri. Kifuniko nikakiacha wazi, inveta nikaitoa kabatini nikaisimamisha sakafuni ili mapezi yaelekee juu, kwa sababu hewa moto inapanda. Nikawasha.

Ikawaka. Mashine ya oksijeni ikaanza kuvuta.

Sikuondoka. Nilibaki nimeweka kiganja karibu na mapezi nikisikiliza joto. Likapanda, likasimama, halafu likaanza kushuka. Na nyuma yangu pumzi ya mama nayo ikaanza kurefuka.

Jirani akafika na gari. Mama akamwambia Béatrice amshukuru, gari lirudi.

Kisha akasema, "Papa. Niangalie."

Nikamtazama Béatrice. Yeye akatazama dirishani, msaada hakuna.

Nikainua uso. Tangu nimwoe binti yake sikuwa nimewahi kumwona mama yule usoni kwa karibu. Ana kovu dogo la mafuta ya moto chini ya jicho, na jicho lenyewe ni la Béatrice kabisa.

Akanitazama sana. "Miaka yote ile minaona kichwa chako juu tu," akasema. "Ile mahali nywele inaanza kukwisha. Kumbe uko na sura ya muntu muzuri."

Béatrice akaangua kicheko huku analia. Mimi nikajifanya nakaza waya.

Kesho yake nilirudi na vifaa. Nilisafisha mapezi, nikabadilisha feni, nikapaka pasta mpya. Nyembamba tu, wakuu. Nyingi haisaidii, inazuia joto badala ya kulipitisha. Na yule aliyewaambia dawa ya meno inatosha badala ya pasta, mwambieni inakauka haraka, mteja atarudi na hasira. Inveta nikaihamishia ukutani kwenye korido, juu ya kichwa cha mtu, mbali na kitanda, na nafasi wazi chini na juu yake. Mbele ya feni nikaweka wavu wa kunasa vumbi, Béatrice anaufua.

Mama naye alifanya lake. Aliita wazee wa ukoo, akapika kuku na bukari, ugali wetu, akanikalisha mezani kwake tukala naye mbele yao. Kwetu kuna namna ya kumfungulia mkwe mlango, yaani kumwondolea miiko ya buko, na alinifungulia kwa mikono yake.

Nilichojifunza ni kwamba heshima yangu ilikuwa ya kweli, lakini ilinifanya nisikague kazi niliyopaswa kuikagua. Siku inveta inafungwa ningeweza kumuuliza tu itakaa wapi. Angenijibu. Kwa mafundi wenzangu: ukifunga inveta, mwambie mwenye nyumba inataka hewa, na umweleze kwa nini. Mtu asiyeelezwa ataifunika kwa upendo.

Juzi simu ililia nikiwa kibandani, nikaona jina la mama. Niliruka, nikashika mfuko wa vyombo.

"Mama, masini imekatika?"

"Hapana, masini iko muzuri. Nimekuita tu. Umekula?"

Haya wakuu, uwanja ni wenu. Inveta zenu zimekaa wapi, na wakwe zenu mnaishi nao vipi? Nasoma yote, na Béatrice anasoma pia, kwa hiyo mwenye matusi apunguze.