Nilimshukuru Mungu Mbele ya Kanisa Zima kwa Kifo cha Mwanangu

Admin, ficha jina langu na la duka. Amani yangu niliipoteza Jumapili iliyopita, saa nne kasoro dakika kumi asubuhi, wakati mchungaji anasoma tangazo la pili la ndoa yangu. Leo ni Jumatano na tangu siku hiyo sijapata usingizi wa kueleweka.

Mimi ni kijana wa miaka 29, nauza mapazia Kariakoo. Nilianza kwa kutembeza foronya sita begani Mtaa wa Msimbazi, sina mjomba wala shangazi aliyenishika mkono, leo nina fremu yangu ya duka. Kanisani ni katibu wa vijana. Nayasema haya ili msikimbilie kuniita mhuni. Mimi si mhuni. Lakini kuna jambo nililifanya.

Miaka mitatu na kitu iliyopita nilikuwa na dada mmoja, tumuite Stella, fundi cherehani pale Mchafukoge. Tuliishi pamoja miezi kumi na moja na kanisani hakuna aliyejua. Akashika mimba. Nikamwambia wazi hesabu zangu: duka lina miezi minne, uongozi wa vijana nimeupata juzi, nikijulikana nina mtoto nje ya ndoa navuliwa uongozi na kutengwa na Meza ya Bwana. Nikahama chumba. Mimba ilipofika miezi saba, jirani yake akanipigia simu mchana: "Kaka, mtoto katoka, hakulia." Nilikuwa nampimia mteja kitambaa cha pazia, mita kumi na mbili. Nikasema kwa sauti, mpaka mteja akasikia: "Asante Yesu." Halafu nikaanza kupima upya, maana hesabu ilikuwa imenipotea. Hospitali sikwenda. Namba ya Stella niliifuta.

Laiti ningeishia hapo. Jumapili ya wiki hiyo ilikuwa ya Matawi. Ulipofika wakati wa shuhuda nikasimama. "Bwana asifiwe! Kulikuwa na jambo lilitaka kuniharibia maisha, silitaji, lakini wiki hii Mungu ameliondoa kabisa!" Makofi, vigelegele. Kwenye kwaya alikuwepo Neema (naye si jina lake). Baada ya ibada akanifuata: "Kaka, ushuhuda wako umenijenga." Mapenzi yetu yalianzia pale. Kila akiniuliza ni jambo gani, namwambia ulikuwa ugonjwa.

Sasa Jumapili iliyopita mchungaji katusoma mimi na Neema, kasema mwenye pingamizi afike ofisini kabla ya tangazo la tatu. Nageuka niwatabasamie watu, namuona Stella benchi la tatu kutoka mwisho. Miaka miwili hajanitafuta hata mara moja, kwa nini aje wiki hiyo? Kusema kweli niliona naonewa. Ibada ilipoisha akanikuta getini.

"Mambo, muuza mapazia?"

"Umefuata nini huku?"

"Kusali. Au na kanisa umelinunua?" Akacheka, kisha akaacha. "Mchumba wako namshonea gauni la sendoff. Nampima kiuno, yeye ananisimulia bwana harusi alivyo mtu wa Mungu. Jina lako, duka lako, na ule ushuhuda wa Jumapili ya Matawi. Mimi mtoto nilimzika Jumatano iliyotangulia."

"Stella, hilo tuliache."

"Pingamizi siweki, wala sikutaki hata uletwe umefungwa kama zawadi. Ila alikuwa wa kike. Ulijua?"

Sikujua.

"Jumamosi saa kumi jioni anakuja kuchukua gauni. Mwambie wewe. Usipomwambia, nitamwambia mimi nikimfunga zipu."

Jana nilimfuata anaposhonea, nikambembeleza kama mtoto. Hakuinua hata macho. "Kaka, toka mlangoni, unaniziba mwanga." Basi.

Jana hiyohiyo jioni Neema akapita dukani, furaha tele. "Mama anasema siku ya sendoff utoe ule ushuhuda, na baba zangu wadogo wausikie." Nikaitikia, "Sawa mpenzi."

Ndugu zangu, naogopa. Nimuogope Stella, nimuogope baba yake Neema, hayo naweza kuyabeba. Hofu kubwa ni nyingine. Nikipiga magoti, maneno yanayonijia mdomoni ni yaleyale ya kwenye simu. Yule mtoto angetimiza miaka miwili mwezi huu. Nilishukuru kwa kufa kwake, na aliyenisikia ni Mungu yuleyule ninayetaka kwenda kumuomba watoto na Neema. Na akinikumbusha? Akimchukua na wa pili, nitasimama mbele ya kanisa niseme nini?

Msiniandikie "omba sana", naomba mpaka magoti yanauma. Wala msiniambie nimtishe Stella, sitofanya hivyo. Ninachotaka ni jibu la moja kwa moja. Nimwambie Neema kwa mdomo wangu, nikijua anaweza kuondoka? Au nianze kwa mchungaji, nimuombe asilisome tangazo la tatu, ndipo Neema ajue? Na ninyi dada mliowahi kuambiwa jambo zito kama hili na wachumba wenu, semeni ukweli: mlibaki au mliondoka?

Ijumaa saa kumi na mbili jioni nafunga duka. Nijibuni kabla ya saa hiyo, nikivuta geti la fremu niwe najua naelekea kwa nani.