Nilisema Futa Yote

Mafundi wa kompyuta wa Voi wana dawa moja tu. Mashine ikichelewa kuwaka, futa. Ikipiga kelele, futa. Ukiwaambia umemwagia kibodi chai, bado watakutazama usoni na kukuambia inataka kufutwa yote, ipigwe Windows mpya. Mimi hadi leo nikipita karibu na duka la yule wangu naongeza mwendo, nisije nikatamka neno la kunipeleka polisi. Lakini niseme ukweli hapa mwanzoni, kwa sababu mama yangu alikuwa hapendi watu wa kuficha jambo mpaka mwisho: aliyesema ifutwe ni mimi.

Kompyuta yenyewe ilikuwa kuukuu, ya mezani, ya boksi kubwa. Niliinunua kwa ofisi moja ya mjini iliyokuwa inahama. Nilipoulizia CD zake za mwanzo, zile za kuingizia Windows, waliangaliana wakacheka. Nikaipandisha Bura, nyumbani kwa mama, kwa kuwa ndiko ninakofundisha, nikaiweka sebuleni niwe natungia mitihani.

Kabla sijamaliza kuchomeka waya, mama alikuwa ameshaipima kwa macho. Wiki mbili baadaye ilikuwa imevaa kitambaa cheupe cha nyuzi alichokifuma mwenyewe, kimeshuka mbele na nyuma, na ua katikati. Kwetu kitu cha thamani hakikai uchi. Redio ina kitambaa, makochi yana vitambaa, hata mtungi wa gesi una sketi. Mgeni akiingia akakuta kochi tupu, atafikiri nyumba haina mwanamke. Nilikuwa nakikunja kidogo mbele nione kioo, nikimaliza kazi mama anakishusha tena, anakipapasa kama anamlaza mtoto.

Halafu siku moja akaniambia nikae nimwandikie maisha yake.

Alikuwa amerudi kutoka mazishini, amekasirika vibaya sana. Marehemu alikuwa mlevi na mkorofi, wote tukimjua, na wasifu wake uliosomwa pale ulikuwa wa malaika. "Mimi sitaki," mama alisema, hata kilemba hajavua. "Sitaki kusomewa uongo nikiwa siwezi kujibu. Andika. Siku yangu ikifika, usome hivi hivi, usipunguze."

Ilichukua Jumamosi nyingi. Yeye anasema, mimi naandika, namsomea, anakataa. Neno "mpole" aliniondolesha mara mbili. "Nani mpole? Mimi?" Na karibu na mwisho aliniandikisha jambo ambalo sikuwa nalijua, na mikono yangu ikasimama kwenye kibodi.

Lilikuwa jambo la mfereji. Mfereji wetu unatoka juu mlimani na kila nyumba ina zamu yake ya maji. Zamani, mwaka wa ukame, mboga za jirani yetu wa chini zilikauka zote, naye akamshtaki mama kwamba anamfungia maji siku za zamu yake. Mama aliapa mbele ya wazee wa mfereji kwamba hakugusa kitu. Wakamwamini mama, wakamwita jirani mwongo. Jirani akaacha hata kwenda kwenye kikundi cha akina mama, kwa aibu. Tangu hapo wale wawili hawakusalimiana, na sisi watoto tulilelewa tukijua nyumba ile ni ya mwongo.

"Andika," mama alisema. "Maji yale nilikuwa nayafunga mimi. Nilikuwa na kabichi zangu na sikutaka zife. Yule mama alisema kweli. Naomba asikie mbele ya watu, kwa sababu mbele ya watu ndipo nilipomvunjia jina."

Nikamwambia, "Mama, si ushuke tu umwambie? Ni hapo chini."

"Nikiwa hai nitaanza kujitetea," akasema. "Najijua."

Nilipotaka kuichapa kwenye karatasi alikataa katakata. Karatasi ina miguu, alisema, itafika sokoni Mwatate kabla yangu. Ikabaki ndani ya kompyuta, chini ya kitambaa.

Mwaka uliofuata mashine ikaanza kuzeeka. Unaiwasha, unaenda kuchuja chai, unarudi, bado inafikiria. Ukiandika sentensi, herufi zinakuja baadaye, moja moja. Ndani ilikuwa inanguruma na boksi lilikuwa moto hata kupitia kitambaa. Mitihani ya mwisho wa muhula ikakwama. Nikampigia fundi wa Voi, akaniuliza maswali mawili, akasema, "Mwalimu, hiyo ni ya kufuta tu. Ilete."

Nilinunua flash ya kuhamishia mafaili kwa mchuuzi wa stendi ya mabasi. Ilikuwa na namba kubwa mgongoni, ingetosha shule nzima. Nikahamisha vitu mwenyewe, nyumbani, kwa sababu sikutaka fundi asome habari za mama. Nikaona majina ya mafaili yamejipanga yote, na la mama lipo. Sikufungua hata moja. Mwalimu mzima, ninayepiga kelele kila siku kwamba mtoto asirudishe karatasi kabla ya kuipitia tena, sikufungua hata moja.

Fundi alikuwa mtu mzima, mwenye kitambi na miwani ya kamba. Hakuinua hata kifuniko cha boksi. Aliuliza CD za mwanzo, nikamwambia hazipo. Akatafuta kale kastika ka nyuma kenye namba za Windows. Mama alikuwa akikapangusa kwa kitambaa chenye maji kila Jumamosi, namba zote zimefutika. "Hakuna shida," akasema, "niko na kopi yangu." Kisha akaniuliza kama nimetoa vitu vyangu. Nikasema nimetoa. Akaniuliza tena, "Madam, uko sure? Hii nikifuta hairudi."

Mimi nilikuwa na haraka ya kurudi, jua la Voi linanichoma, na yule mtu ananiuliza kana kwamba sijasoma.

"Nimesema futa yote," nikamwambia.

Akafuta. Mstari mdogo ukawa unatembea kwenye kioo, nikautazama ukifika mwisho huku nakunywa soda. Windows yake ya kopi ikaingia, na pembeni ikabandika maandishi ya kunisuta kwamba si halali. Nikachomeka flash. Majina yote yalikuwepo. Nikafungua la mama. Kukaja visanduku vitupu, mstari baada ya mstari, na alama za kuuliza. Nikafungua la mitihani: hivyo hivyo. Fundi akaichukua flash, akaijaribu kwake, akaigeuza mkononi.

"Hii ni feki, Mwalimu. Imeandikwa kubwa lakini ndani ni kadogo. Ikijaa inaendelea kukuonyesha majina tu."

Nilimtukana. Nilimtukana yeye, na mchuuzi, na mji mzima. Aliinamisha kichwa akaniacha nimalize, kisha akajaribu kutafuta yaliyofutwa mpaka duka likafungwa. Hakupata kitu.

Na mashine? Nilipoifikisha nyumbani mama aliivisha kitambaa chake. Haikumaliza mwezi, ikarudi kujikokota vile vile, inanguruma vile vile. Nikaishusha tena Voi kwa hasira za kutafuta mtu wa kupiga. Safari hii fundi akachukua bisibisi, akalifungua boksi. Feni ilikuwa imezibwa. Alivuta pamba nyeupe ya nyuzi na vumbi, donge la kujaza ngumi, akaliweka juu ya kaunta.

"Kumbe haikuwa inaumwa," akasema. "Ilikuwa inakosa hewa. Huwa mnaifunika na nini?"

Nilitaka kumuuliza kwa nini hakufungua mara ya kwanza, kwa nini bisibisi ilikuwa imelala pale pale mezani siku nzima. Badala yake nililichukua lile donge nikalitia mkobani, sijui kwa nini.

Nyumbani nilimkataza mama kuifunika. Hakuuliza sababu. Alikuwa ameanza kuumwa kifua, na kila Jumapili baada ya kanisa, akiwa ameegemea mto, aliniuliza swali lile lile.

"Ile yangu ipo?"

"Ipo, mama."

Ningeweza kumwambia. Alikuwa na pumzi bado, tungeandika upya, hata kwa kalamu, hata sentensi ile moja ya mfereji. Lakini nilimwogopa. Na nilijiambia kuna wiki nyingine. Kila Jumapili nilimdanganya mama yangu, na akafa akiamini kwamba hatasomewa uongo.

Kamati ya mazishi ikaandika wasifu kwa siku mbili, ikauchapa Voi kwenye karatasi ya kung'aa yenye picha yake. Wakasema binti ndiye asome. Nikasimama mbele ya watu nikasoma kwamba marehemu alikuwa mama mpole, aliyeishi vyema na majirani zake wote. Nilipofika kwenye neno "majirani" niliinua macho. Jirani yetu wa chini alikuwa ameketi safu ya nyuma, leso begani. Alikuwa amekuja. Watu hawakumtarajia, na alikuja. Alinitazama, akakunja programu yake ya mazishi mara mbili, akatazama pembeni. Nami nikaendelea kusoma hadi chini, kwa sauti nzuri ya darasani. Mungu anisamehe, nilisoma vizuri.

Baada ya kuzika nilimfuata. Nilimkuta kwenye njia karibu na mfereji, anashuka polepole, na nikamwambia jambo la maji. Kwamba mama aliandika. Kwamba alikiri maji aliyafunga yeye. Kwamba alitaka asikie mbele ya watu.

Alisimama, akanigeukia.

"Mama yako alisema hivyo? Kwa mdomo wake?"

"Kwa mdomo wake, mama. Mimi ndiye niliyeandika."

Uso wake ulilegea. Akapangusa kiganja kwenye leso, akaunyoosha mkono mbele yangu.

"Basi nipe hiyo karatasi," akasema. "Nikawaonyeshe wazee."