Kifafa Kilinipunguzia Kumbukumbu, Ndugu Wakanitengea Kikombe

Mimi ni mpasua mbao wa Mafinga. Shule niliishia darasa la nne na sioni aibu kulisema, maana waliofika chuo wanakuja kwangu kuomba kazi. Nilianza kwa kubeba miche kwenye kitalu cha paini, nikawa mkata magogo, mwisho nikanunua mashine yangu mwenyewe. Hakuna mjomba aliyenishika mkono. Nilikuwa nikilitazama gogo limelala nakwambia litatoa mbao ngapi, na wenye kupima kwa kamba wakimaliza wananikuta nimekaa nawasubiri. Wateja wa Makambako, wa Iringa mpaka wa Dodoma, wote walikuwa kichwani: nani anataka mbao gani, nani nimemwahidi lini. Kichwa hiki ndicho kilikuwa ofisi yangu. Kwa hiyo mtu akinisikia naongea kwa hasira, ajue ofisi yangu iliungua watu wakitazama.

Nilipovuka hamsini ugonjwa ulikuja kwa ujanja. Ulianza kama harufu. Nasikia utomvu unaungua na hakuna moto. Tumbo linapanda kama niko ndani ya lori linaloshuka mlima Kitonga. Halafu nakodoa macho, natafuna midomo, mtu ananisalimia simjibu. Nikirudi sijui kilichopita. Mafinga nzima ikasema mali imenipanda kichwani.

Mke wangu, Mama Tumaini, ndiye aliyeona. "Baba Tumaini, kuna saa unakuwa haupo."

"Nitakuwa wapi, na mimi nimekaa hapa?"

"Hapo ulipokaa ndipo unapokosekana."

Siku niliyoanguka ilikuwa asubuhi, ile baridi ya Juni, watu wanaota moto wa mabanzi, yale mabaki ya kupasua magogo, kabla hatujawasha mashine. Nilisikia ile harufu, basi. Mengine nimesimuliwa. Mwili ulikakamaa, ukatikisika, povu likatoka, nikajikojolea. Mkono wa kushoto ukaingia motoni. Pale palikuwa na wanaume wa kutosha kuinua gogo lililolowa mvua. Hakuna aliyenigusa. Kwetu watu wanaamini povu la kifafa likikupata, na wewe umekipata. Wakasema, "Mwacheni mpaka atulie." Nikaendelea kuiva. Mama Tumaini alitoka mbio kwenye chai akanivuta kwa miguu.

Mdogo wangu Festo, niliyemfundisha kazi tangu hajui kushika shoka, alikuwa amesimama hapo hapo. Baadaye nilimuuliza. Akasema, "Kaka, nina watoto wadogo." Mengi yamenitoka kichwani, jibu hilo halijanitoka.

Zahanati walinifunga mkono, wakanipa vidonge vya kifafa. Lakini nyumbani kwa mama, kule Kilolo, nyumba niliyoijenga mimi kwa mbao zangu, nikakuta nimetengewa kikombe cha plastiki cha kijani na sahani yake. Vinaning'inia kwenye msumari wa nje, peke yake, kama vya mbwa. Kwetu kikombe huzunguka. Unakunywa, unampa mwenzako. Changu kikawa hakizunguki.

Festo akanipeleka kwa mganga mmoja kule Makongolosi. Akasema, "Vidonge vinautuliza tu, kaka, haviutoi." Mganga akasema dawa yake na vidonge havilali nyumba moja, vikatupwa. Nikachanjwa chale, nikafukizwa moshi mpaka macho yakavimba. Kifafa kikarudi kwa nguvu mpya, naanguka, sijaamka vizuri, naanguka tena. Nashukuru Mungu sikufa, maana wengine hufa hivyo.

Niliporudi Mafinga nilimuuliza mke wangu, "Baba hajambo?" Baba tulishamzika, na jeneza nilipasua mbao zake mwenyewe. Ikabidi Mama Tumaini anipe msiba upya, nikalia kama ndiyo kwanza naambiwa. Wateja nao wakawa wanakuja kuchukua mbao, kumbe nimeshampa mwingine. Festo akachukua funguo za kiwanda. "Pumzika, kaka. Kichwa kimechoka."

Mama Tumaini hakubishana na mtu. Alinipandisha basi la Mbeya, tukaenda hospitali kubwa. Daktari alikuwa binti ambaye ningeweza kumzaa. Wakanibandika nyaya kichwani, wakanipiga picha.

"Baba," akasema, "ndani ya ubongo kuna sehemu ndogo inayopokea kumbukumbu mpya. Kwa wanyama tumeona wazi kwamba pale seli mpya zinazaliwa hata ukubwani. Kwa binadamu wataalamu bado wanabishana, ila wengi wanaona ni hivyo hivyo. Umri ukienda, zinapungua."

"Na kifafa?"

"Mwanzoni kinaweza kuzifanya zizaliwe nyingi, lakini ovyo, zikae pasipo pake. Kikikaa miaka, uzazi wenyewe unafifia."

Nikamwambia, "Dokta, hicho ni kitalu. Nimekulia humo. Mche ukiota katikati ya njia huo si msitu, huo ni kero. Na kitalu kikichoka, unamwagilia weee, kinakutazama tu."

Alicheka. "Mfano huo nitawaambia na wagonjwa wengine."

"Waambie. Na dawa ya kuotesha upya ipo?"

"Hiyo sitakudanganya. Tunazuia kifafa kisiendelee kuharibu. Kidonge usikose, usingizi usikose, pombe acha, tembea kila siku. Na msumeno usiuendeshe tena."

Nikawaka. "Msumeno ni wangu."

Akautazama mkono wangu wenye kovu. "Na mkono ni wa nani?"

Nikameza vidonge. Tulibadilisha kipimo, nikasinzia, nikapepesuka, mwisho mwili ukazoea. Kifafa kikakaa kimya. Kumbukumbu zikarudi, si zote. Nami sikulala. Nilianza kupaka rangi vichwa vya magogo: nyekundu ya Makambako, bluu ya Dodoma, nyeupe ya Iringa. Nikiingia uwanjani magogo yenyewe yananiambia.

Festo alipoona nimeanza kutoa amri, akaitisha kikao cha familia Kilolo, ili kiwanda kiwe chake moja kwa moja. Alianza kwa upole. "Si ubaya, kaka. Tuambie tu, mwanangu wa mwisho anaitwa nani?"

Mtoto mwenyewe alikuwa pale, amepakatwa na mama yake, ananitazama. Nilipapasa kichwani. Hola.

"Sikumbuki," nikasema.

"Mnaona wenyewe."

Mke wake akaleta togwa. Kila mtu bilauri. Mimi kile cha kijani. Nikakiweka chini, nikachukua bilauri ya Festo mkononi mwake, nikanywa nusu, nikamrudishia. "Kunywa. Wewe si ndiye mwenye kichwa kizima? Kunywa."

Festo akaitazama bilauri kama ina nyoka.

"Lete hapa," mama akasema. Mama yetu ni mzee, hata kusimama ni kwa kusaidiwa. Akanywa mpaka tone la mwisho, akafuta mdomo. "Huyu nilimtafunia ugali hana meno. Na wewe Festo pia. Kaka yako kasahau jina. Wewe umemsahau mtu. Mpe funguo zake."

Akatoa. Sijamsamehe, na sitadanganya watu kwenye maandishi kwamba nimemsamehe. Kikombe cha kijani niliondoka nacho. Ndicho nachanganyia rangi ya magogo.

Ninyi mnaoanguka, na ninyi mnaotuacha tuungue, sikieni. Povu haliambukizi. Mtu akianguka mwondoe kwenye moto na maji, mlaze ubavu, usimtie kijiko mdomoni. Zikipita dakika tano hajatulia, mkimbize hospitali. Vidonge usiache kwa neno la mganga wala la ndugu. Namshukuru Mungu, namshukuru yule binti wa Mbeya, na Mama Tumaini aliyenivuta miguu wakati wanaume wamefunga mikono.

Mtoto wa Festo hana kosa. Kila asubuhi nikimeza kidonge nalitaja jina lake kwa sauti. Siku nyingine linagoma, namuuliza mke wangu, ananiambia bila kucheka. Leo halikugoma. Anaitwa Atupele.