Kinyaa cha Valentino

Katika kijiji kizima cha Michenga hapakuwa na kijana mwenye kinyaa kama Valentino. Si kinyaa cha tope, maana msimu mzima wa kulima alilikanyaga mpaka magotini nyuma ya pawatila, trekta ndogo ya mkono, ya tajiri mmoja wa Ifakara. Kinyaa chake kilikuwa cha vijana wenzake na mapenzi yao ya kuonjana. Akimsikia mtu mzima wa miaka ishirini na tano anasema "yule tunazugana tu", uso wake ulijikunja kama wa mtoto aliyemezeshwa kwinini.

Na sababu alikuwa nayo. Mwenzake kwenye mashine hiyo, Clinton, alikuwa na msichana Namawala, mwingine mjini, na wa tatu Chita alikokwenda kulima wiki mbili tu. Wote aliwaita "mamii" ili asije akachanganya majina. Upuuzi mtupu, na Valentino alimwambia hivyo bila kupepesa macho.

"Hatujaoana, bana," Clinton alimjibu akicheka. "Na wote wanajua. Nimemdanganya nani?"

Hilo ndilo lililomtia Valentino kichefuchefu zaidi, kwamba hakuna aliyedanganywa. Mwongo angalau ana aibu kidogo. Hawa waliachana Jumatatu, Jumanne wakataniana sokoni kama watu waliorudishiana sufuria.

Yeye, kwa miaka yake ishirini na minane, alimtaka mmoja tu. Agnella alikuwa fundi cherehani, na mama yake alikuwa mjane mwenye heka moja ya mpunga. Baba yake Valentino, mtu wa upande wa Mahenge, alikuwa amemhadithia jinsi alivyolima ukweni misimu miwili ndipo akapewa mke. Basi Valentino naye akaanza kuilima heka ya Mama Agnella, bure, siku zake za mapumziko. Alipasua kuni. Aliezeka choo. Kwa Agnella mwenyewe alitoa "habari za leo" tu na kupita, macho chini, kwa heshima. Kwa Valentino mambo yote yalikuwa wazi kama mchana, na baada ya mavuno angemtuma mshenga apeleke barua ya posa.

Msimu wa pili, Jumamosi moja, Clinton alikuja kumpokea usukani wa pawatila waliyoazimwa na tajiri, ili wamalize heka hiyo mapema. Walipopumzika kwenye tuta la mpakani, Clinton akimenya muwa kwa meno, akasema tu, kama anayezungumzia hali ya hewa:

"Kumbe hapa ni kwa kina Agnella? Nilikuwa naye mwezi wa kumi. Tukaachana freshi tu, hatuna ubaya."

Mwezi wa kumi! Mwezi wa rozari, jamani! Jumuiya yao ya Wakatoliki ilisali nyumbani kwa mama yule kila jioni, Valentino akiongoza, Agnella akiitikia kwa ile sauti yake nzuri. Na kabla ya kusali alikuwa ametoka wapi? Valentino alitema mate kwenye tope.

Hapo Mama Agnella na binti yake walikuwa wameshafika na ndoo ya uji na kikombe kimoja. Clinton akanywa wa kwanza, akashukuru, akarudi kwenye mashine. Agnella akakisuuza kikombe, akakijaza, akapiga goti kidogo na kumpa Valentino kwa mikono miwili.

Valentino akautazama ukingo wa kikombe. "Sinywi."

"Uji una nini, kaka?"

"Muulize Clinton."

Agnella alielewa. Hakuinamisha kichwa, na hilo nalo lilimchukiza Valentino.

"Clinton aliniomba tutoke, nikakubali," alisema. "Nikamchoka, nikamwambia. Wewe nimekukosea nini?"

"Misimu miwili nalima hapa!"

"Kwani ulikuwa unanilimia mimi?"

Valentino akamgeukia mama, shahidi wake wa pekee. Mama Agnella alikuwa ameshika kiuno, mdomo wazi.

"Mwanangu," alisema taratibu, "mbona sisi tunajua unakwenda utawani? Jumuiya nzima tunajua. Kijana hana msichana, hanywi pombe, anamlimia mjane bure. Nimekutolea nia ya misa mara mbili, wito wako usije ukayumba."

Mtu angeweza kucheka hapo. Valentino hakucheka. Misimu miwili alikuwa akiposa, na wenye binti walikuwa wakimwombea awe bruda. Alijiona alivyokuwa akipita na "habari za leo" yake, macho chini, akijihesabia haki juu ya mtu ambaye hakuwahi kumuuliza neno. Hata Clinton, na umalaya wake wote, alikuwa amefungua mdomo. Kinyaa kilimgeukia yeye mwenyewe, na kilikuwa kichungu kuliko vyote alivyowahi kuwaonea wengine.

"Basi nakuuliza leo," alisema. "Nataka uwe mke wangu."

Mama Agnella akaanza kuisogeza ndoo pembeni bila sababu. Agnella alibaki pale pale, kikombe bado mkononi, uji umeanza kuweka utando juu. Alimtazama Valentino bila hasira. Kama kulikuwa na kitu usoni mwake, ilikuwa huruma, na Valentino angependa zaidi kama angetukanwa.

"Kikombe tu kimekushinda kukipokea mkononi mwangu," alisema. "Mimi utanipokeaje?"

Akaunywa ule uji yeye mwenyewe, polepole, mpaka ukaisha.