Niliziba Tundu la Tangi, Tantine Akasema Ni Yeye

Wenzangu, lile tangi nililipua mimi. Si shetani, ingawa mchungaji alimtaja sana siku ile. Ni mimi, mwenye digrii moja na nusu!

Nasomea uzamili wa kusanifu mitambo ya kuchachusha: unachukua kinywaji cha ndoo, unakifanya kiwe cha kiwanda. Kozi yetu haitaki makaratasi tu. Unajenga kitu kinachofanya kazi, kisha mainjinia wa kiwandani wanakuja kukiona na kuchagua watakayemchukua kwa mafunzo.

Nikakimbilia kwa tantine, mdogo wake mama, aliyenilea kwenye kambi ya wakimbizi ya Mantapala tangu tuvuke mpaka kutoka Kongo. Alikuwa anauza munkoyo sokoni Nchelenge, kinywaji cha mahindi na mizizi, na wateja walimngoja kabla hajashusha ndoo. Nikamwomba anipe munkoyo wake nijaze tangi langu.

"Kamata yote, mwanangu," akacheka. "Si ni wewe njo ulisoma?"

Tangi lilikuwa zuri, jamani! Linang'aa, na juu lina tundu la kutolea gesi, maana kinywaji kikichacha lazima kipumue. Hilo nilifundishwa na nilifaulu mtihani wake. Tatizo, siku mainjinia walipokuja kuliona, na tantine naye yupo, gesi ilitoka kwa sauti ya, mnisamehe, mzee aliyeshiba maharage. Mbele ya wageni! Mbele ya mchungaji aliyekuja kubariki! Aibu ikanishika. Nikachukua kitambaa cha tantine, nikaziba. Ni maombi tu, nikajiambia, nitafungua wakisema amina.

Kumbe nilisahau mchungaji wetu akimshika Bwana hamwachii. Akaombea tangi, ziwa, samaki, wakimbizi, marais wa nchi zote mbili. Alipofika kwa shetani na hila zake, mfuniko ukaruka. Puuu! Munkoyo ukamwagikia injinia mkuu kuanzia upara mpaka viatu.

Injinia akaokota kile kitambaa, akauliza kwa Kiingereza: nani aliziba? Tantine hajui Kiingereza, lakini kitambaa chake alikijua. Akanitazama mara moja tu.

"Ni miye njo niliziba. Ilikuwa inanisumbua na makelele. Mutoto hana kosa."

Na nani alimtafsiria injinia? Mimi! Neno kwa neno, bila hata kukohoa. Injinia akacheka, akanipa mkono, akanichagua.

Sasa navaa koti jeupe kiwandani. Sokoni wakasema munkoyo wa tantine una mapepo, wateja wakahamia kwa wengine. Siku hizi anauza kisamvu, na hakikimbiliwi na mtu. Mimi ni mjinga na mwoga, andikeni hivyo.

Nyie mnaosoma mitambo, gesi ikilia mbele ya wakubwa, iacheni ilie! Na mkiulizwa nani aliziba, jibuni kabla mama zenu hawajajibu. Mimi nilitafsiri tu, na hadi leo tantine akinipigia simu huuliza jambo moja tu:

"Banakulisha muzuri kule?"