Taa ya Rekoda Ilipozimika Msibani

Nilikuwa na hakika ni yeye anayezima rekoda. Kijana wa nyaya, yule mrefu wa kidato cha nne, alikuwa anataka kiti changu, na kiti hicho ndicho mahali pekee kanisani ambapo naweza kukaa kati ya watu bila kusemeshwa. Mbele yangu kuna swicha, mashine ya vitufe. Nikibonyeza, picha inahama kutoka kamera moja kwenda nyingine. Lakini haiishii hapo. Waya mmoja unaenda kwa rekoda inayohifadhi picha na sauti, mwingine kwa kamera inayojigeuza yenyewe, kwa hivyo kitufe kimoja kinaweza kuamrisha vitu ambavyo sivigusi kabisa. Hilo ndilo lilinitia wasiwasi. Kama mimi naviamrisha nikiwa nimekaa, yeye je, na ile simu yake haimtoki mkononi?

Rekoda ilikuwa inazimika. Si Jumapili kanisani, ni msibani tu, tunakoitwa kurekodi mazishi. Mara ya mwisho, kule Kaloleni, maneno ya mtoto wa marehemu yalipotea karibu yote. Mkuu wa kikundi chetu cha video, mama anayefundisha kompyuta, akaniita kando ya gari.

"Nyathina," akasema, yaani mwanangu kwa Kijaluo, "ikizimika tena nitamweka huyu kijana. Familia zinaniuliza mimi, si wewe."

Nikaitikia kwa kichwa.

Kwa hivyo siku ya mazishi karibu na Maseno nilipanga meza mwenyewe. Kiti cha kijana nikakiweka pale ambapo ningeona mikono yake yote miwili. Akakiangalia, akaniangalia.

"Leo nimewekwa mbele kama mgeni rasmi. Ama ni mimi nachungwa?"

Nikaivuta swicha karibu yangu.

"Haya, askari. Nikitaka kwenda choo nitaomba ruhusa."

Binti wa marehemu akashika maiki. Alianza vizuri, jinsi mama yake alivyouza nguo soko la Kibuye, na yeye akiwa mdogo analala juu ya rundo la sweta. Halafu sauti ikakatika. Huku kwetu mtu akizidiwa na machozi msibani hanyang'anywi maiki. Mama yeyote anaanzisha wimbo, wote wanaudaka, na mwenye kulia akipata pumzi anaendelea. Sauti ikaanza nyuma ya hema. Nikabonyeza kitufe cha Kwaya, kama ninavyofanya kila Jumapili, na kamera ya pili ikageuka polepole kuwatafuta waimbaji.

Taa nyekundu ya rekoda ikazimika.

Nikamgeukia kijana haraka. Mkono mmoja ulikuwa na kikombe cha chai, mwingine mandazi. Simu ilikuwa mezani, imelala kifudifudi.

Nikaangalia kidole changu. Bado kilikuwa juu ya kitufe.

Jumapili hatuhifadhi nyimbo, kwa sababu tukiziweka mtandaoni zinanyamazishwa zikiwa na hakimiliki ya watu wengine. Kumbe kitufe cha Kwaya kilikuwa kimepangwa kifanye mawili pamoja: kugeuza kamera na kusimamisha rekoda. Kitufe cha Mhubiri ndicho huiwasha tena. Sasa msibani, baada ya wimbo, mhubiri hayupo. Kuna mtu anayefuta macho na kuendelea pale alipoachia, na mimi nilikuwa namrudia kwa kitufe cha kawaida cha kamera, rekoda ikiwa imelala.

Niliiwasha kwa mkono kabla wimbo haujaisha. Kisha nikabonyeza maiki ya hedifoni, ambayo sijawahi kuitumia.

"Ni kitufe cha Kwaya," nikasema. "Ndicho kinazima rekoda. Nimeiwasha."

"Nani huyo anaongea?" mkuu akauliza kutoka upande wa kamera.

"Ni mimi. Wa swicha."

"Kumbe una sauti. Kaa hapo hapo, nyathina. Na hicho kitufe usikiguse tena."

Binti akaendelea kuhusu sweta, taa ikiwa nyekundu. Nikamgeukia kijana.

"Nani alikipanga hivyo?"

"Mimi."

"Mbona hukuniambia?"

"Hukuuliza," akasema, anatafuna. "Si wewe huongei na mtu."

Hiyo ni kweli. Lakini malalamiko ya zile familia alikuwa ameyasikia, tena alikijua kitufe hicho kuliko mimi. Labda hakuwaza. Labda aliwaza sana.

Kwenye mazishi yaliyofuata nilifika mapema, nikakiweka kiti chake pale pale.