Hijja ya Mama na Deni la Kadi

Nilifunga safari kwenda Kigombe kwa jambo moja tu: kumkabidhi mama pesa za Hijja nilizozichanga tangu nirudi nchini. Nilitaka kumpa mkononi, si kwa simu. Nimekaa Uingereza miaka mingi nikarudi na sanduku moja, halafu niikose na furaha ya kumwona akizishika? Thubutu!

Muheza, basi liliposimama, nilinunua machungwa mfuko mzima bila kuomba nipunguziwe. Siku hiyo nilijiona tajiri.

Tanga mjini nilishukia Ngamiani kumnunulia mama buibui jipya. Mwenye duka, mzee wa Kihindi anayetujua tangu zamani, aliposikia ni la Hijja alipunguza bei kabla sijafungua mdomo. "Mwambie mamako aniombee," akasema.

Kigombe nilifika alasiri, nyumbani sikumkuta mtu. Nikaambiwa mama anazunguka majumbani kuomba radhi, kama ilivyo ada ya anayekwenda Makka. Nilimkuta mlangoni kwa jirani yake, Bi Mwanahamisi.

"Mwanahamisi, mwaka ule wa mvua kubwa kuku wako alitagia uani kwangu, nami nikayala yale mayai. Nihalalishie."

Bi Mwanahamisi alicheka mpaka akashika mlango, kisha machozi yakamtoka. "Nimekuhalalishia, mwenzangu. Mayai, na kuku mwenyewe."

Nilisimama pale nikiwasikiliza. Mayai ya mwaka gani yale!

Tuliporudi nyumbani nikampa bahasha. Aliishika kwa mikono miwili, akanitazama. "Na wewe, mwanangu, huna mtu anayekudai?"

"Mtu hakuna, mama. Labda benki ya kule." Nikamweleza huku nacheka: nilipoachishwa kazi nilikula kwa kadi ya mkopo, hata nauli ya kurudia nililipia kwa kadi hiyohiyo. Barua pepe zao nilikuwa nazifuta bila kuzisoma.

"Wamekuhalalishia?"

"Mama, benki haina mdomo wa kuhalalisha. Tena ni matajiri wale, wameshasahau."

"Kama haina mdomo, basi hilo ni la kulipa." Akaniwekea bahasha mapajani. "Kunipeleka mimi Makka si faradhi yako. Kulipa deni ndiyo faradhi yako."

Nilipandwa na hasira, nikabishana naye. Nilimwambia jina lake limeshaandikishwa, na kwamba ameingoja safari hii tangu mimi sijazaliwa. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa maneno, kisha akaenda kubandika chai. Hata aliponirudishia bahasha, sauti yake haikutetemeka hata kidogo. Siku zote nilimpenda mama yangu, nilimhurumia, hata nilimkasirikia. Jioni ile kwa mara ya kwanza nilimstaajabia, nikamwogopa.

Asubuhi alirudi kwenye milango ileile aliyoombea radhi, nami nikimfuata nyuma kwa aibu. Nilidhani atanitaja. Kila mlango alisema maneno yaleyale: "Mwaka huu sendi. Nimebakisha mlango mmoja, uko mbali." Hakuna aliyeuliza ni wa nani.

Tanga, nikiwa njiani kurudi, nilichukua chumba kwenye nyumba ya wageni nikapiga simu benki. Nilipitishwa kwa huyu na yule, mpaka nikampata dada mmoja aliyeniuliza mara mbili kama kweli nataka kulipa. Tukapatana: pesa zote nilizokuwa nazo zitangulie, zinazobaki nilipe kila mwezi. Niliomba waniandikie makubaliano kwanza, wakaandika, nikatuma. Bahasha ikabaki tupu.

Nilikuwa nikiamini kwamba deni la ng'ambo hukaa hukohuko ng'ambo. Kumbe nililibeba mpaka kwenye Hijja ya mama, na yeye ndiye aliyelitambua.

Nikampigia kumwarifu.

"Wamesemaje?" akauliza.

"Wamesema wamepokea, mama."

"Alhamdulillahi," akasema, na sauti yake ikatetemeka. "Sasa nimeanza safari."